Pikipiki Isiyo na Keria

Kifurushi cha jirani ni mlango njiani.

Mnacheka? Chekeni tu. Mama Nasra kawaletea mfuko wa karanga mumpelekee dada yake Singida, na nyinyi, mabwana wakubwa mnaofunga safari yenu ya kwanza ya mbali kwa pikipiki, mmekunja nyuso kana kwamba kawabebesha jiwe la kusagia. Kawaambia maneno hayo, kaondoka zake na mfuko wake. Sasa mnaniuliza mimi, Bi Tatu muuza uji, yametoka wapi. Haya, zimeni hizo pikipiki, petroli si maji ya kisima. Vutieni benchi hapa. Methali hii wala si ya mababu. Imezaliwa hapa hapa kijiweni kwetu Kondoa, kwa mtu wa pikipiki kama nyinyi, na ilianza hivi.

Alikuwepo kijana akiitwa Swedi. Mtoto wa watu, mpole, mchapakazi, ila akishaamua jambo lake humtoi. Mkewe, Zaituni, alikuwa Mzigua wa Handeni, na mimba yao ya kwanza ilipokuwa kubwa alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Akajifungua salama mtoto wa kike. Habari zilipofika kwa simu Swedi alipiga kelele hapa kijiweni mpaka kuku wakatawanyika. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa hajamtia machoni.

Sasa, nyumbani kwa akina Zaituni mtoto hatolewi nje mpaka arobaini. Siku hiyo baba ndiye anayempokea kwa mama, anavuka naye kizingiti, anamwonyesha jua na watu. Baba asipokuwepo mjomba humtoa, na mtoto atatoka, hakuna neno, ila midomo ya watu haitafungika. Na baba mkwe, Mzee Mhina, tangu mwanzo hakupenda binti yake aolewe mbali. Akasema mbele ya watu, "Huyo dereva wa kuzunguka soko atafika huku? Mwambieni mjomba wa mtoto afue kanzu yake."

Zaituni akapiga simu analia. "Mume wangu, nakuomba. Nisije nikamkabidhi mwanao kwa mtu mwingine ilhali baba yake yu hai."

"Nakuja," Swedi akamwambia. "Nakuja na pikipiki, nakatiza Kibaya, natokea huko. Wallahi mjomba hatavuka na mwanangu."

Angeweza kupanda basi la kuzunguka, lakini kijana alikuwa na hamu yake ya siku nyingi. Aliisugua pikipiki yake kila jioni na alikuwa hajawahi kuipeleka popote pa maana. Basi akaanza kupanga. Tena alipanga, msimcheke! Aliwauliza madereva wa malori wapi kuna petroli na wapi kuna mchanga. Akabadilisha oili, akafunga cheni mpya, akanunua tyubu ya akiba, plagi, waya wa klachi. Akashona mfuko wa spana wa kuvaa kiunoni. Usiku analala akiwaza njia, asubuhi anaamka akiwaza njia, na mwisho akajitungia sheria moja kubwa: pikipiki nyepesi haiharibiki.

Lakini habari za safari hufichwa wapi Kondoa hii? Fundi viatu akaja na jozi ya makubazi ya kumpelekea kaka yake Kibaya. Mama mmoja wa sokoni akaja na debe dogo la ulezi wa binti yake aliyeolewa njia hiyo hiyo. Shemeji wa huyu, shangazi wa yule. Mnajua wenyewe kwetu, mtu akisafiri ameshasafiria mtaa mzima. Swedi akaona sheria yake inavunjwa. Mnajua alifanya nini? Akachukua spana akafungua keria ya nyuma, akaitia uvunguni mwa kitanda! Kila aliyekuja na mzigo akaonyeshwa pikipiki. "Keria imekatika, ndugu yangu. Ningependa sana, lakini mzigo nitaweka wapi?" Watu wakatazama, wakaguna, wakarudi na mizigo yao.

Alhamisi alfajiri akaondoka. Arobaini ilikuwa kesho yake, Ijumaa baada ya swala. Aliisukuma pikipiki mpaka nje ya mtaa bila kuiwasha, asije akaamsha mtu. Na huko nje ya mtaa nani amesimama barabarani? Bi Kidawa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima, mkononi ana kifurushi cha kitambaa.

"Shikamoo Bi Kidawa."

"Marahaba. Nilijua utapita kama mwizi. Huu ni mlenda mkavu wa mwanangu Sauda. Kaolewa Kwamabwe, mbele ya Kibaya, mumewe anaitwa Mngulu. Miaka hajala mlenda wa kwao."

"Mama, keria..."

"Nimeiona. Keria huna, mgongo unao."

Akavua kanga yake ya juu, akamzungushia kifurushi mgongoni, akamfunga fundo kifuani kama anambebesha mtoto. Swedi akaona aibu, mwanamume mzima na mbeleko! Lakini utamwambia nini mtu mzima? Akavaa koti juu yake akaficha, akasema moyoni kwamba atakiacha kwa mwenye duka yeyote Kibaya. Akawasha moto, akaenda zake.

Na njia ilikuwa tamu, tusiseme uongo. Asubuhi ile baridi, barabara iko kavu, pikipiki inanguruma vizuri. Kibaya akapita bila hata kukumbuka kifurushi. Akaingia pori la mbele, ambako vijiji si kama huku kwetu, mlango kwa mlango. Huko ukikipita kimoja utaendesha mpaka mgongo ukuume ndipo ukione kingine. Jua lilipoanza kuinama akasikia nyuma sauti ya kusaga, kisha gurudumu likaanza kucheza. Akashuka, akatikisa. Beringi ya gurudumu la nyuma ilikuwa imesagika yote. Kila kitu alibeba jamani, ila beringi hakubeba.

Akasukuma. Alisukuma mpaka mikono ikafa ganzi, huku anamwona mjomba wa mtoto anapiga pasi kanzu. Magari mawili yalimpita, hayakusimama. Jua likiwa bado lipo akaona bati za kijiji, akamshukuru Mungu. Masikini, hakujua anakokwenda. Kijiji kile kilikuwa na jeraha: siku chache kabla, mgeni mmoja wa pikipiki alikuja akiomba maji kwa adabu zote, na asubuhi yake mbuzi wa mjane wakawa hawapo.

Wanaume wakamzunguka. Mmoja akachomoa ufunguo. Akaja mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Semboja, mtu wa sauti ya chini asiye na haraka.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Kondoa, mzee. Nakwenda Handeni, kwa wakwe. Mwanangu anatolewa nje kesho."

"Hapa unamfahamu nani?"

"Simfahamu mtu."

"Njiani kote ulikopita, umefikia kwa nani?"

"Sikufikia kwa mtu, mzee."

Semboja akaizunguka pikipiki taratibu. "Unatoka Kondoa kwenda kwa wakwe, na pikipiki haina hata keria. Hukutumwa na mtu hata chumvi? Mimi nimezeeka, sijaona msafiri ambaye mtaa wake wote hauna ndugu njiani. Anayesafiri hivi ni mtu anayekimbia."

"Keria niliifungua mwenyewe, mzee. Nilitaka pikipiki iwe nyepesi."

Lo! Bora angenyamaza. Watu wakacheka kicheko kibaya. "Nyepesi ya kukimbilia!" mmoja akasema. Mwingine akadaka fimbo. Semboja akainua mkono. "Asipigwe. Atalala ofisi ya kijiji. Polisi watakuja kutoka Kibaya, kesho wakipata gari, wasipopata keshokutwa."

Keshokutwa! Hapo ndipo Swedi alipoogopa. Si fimbo aliyoiogopa, wanangu. Alimwona Zaituni kasimama mlangoni na mtoto, anatazama barabara, na Mzee Mhina anasema, "Si niliwaambia?" Akakaa chini kwenye vumbi akalia, mwanamume mzima, bila kujificha.

"Na hicho kinundu mgongoni ni nini?" mmoja akauliza. "Vua koti!"

Akavua. Wakaona kanga. Aliyedaka fimbo akaishusha, maana mwizi gani anatembea na mbeleko?

"Ni mlenda," Swedi akasema huku anafuta pua. "Kanibebesha jirani yangu. Ni wa binti yake, Sauda, mke wa Mngulu. Kijiji chake kinaitwa Kwamabwe, sijui nimekipita."

Semboja akamwambia, "Kwamabwe ndiyo hapa."

Mtoto mmoja akatimua mbio bila kutumwa. Akaja mwanamke mikono ina unga, mumewe nyuma yake. Hakumtazama Swedi usoni. Alitazama kanga. Akapiga magoti pale vumbini, akafungua kifurushi, akainamisha uso ndani yake akavuta harufu, na mabega yakaanza kutikisika.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Kanifunga mwenyewe leo alfajiri. Kaniambia miaka hujala mlenda wa kwenu."

Sauda akainuka, akawageukia wanaume wale. "Mnamzuia kaka yangu kwa kosa gani? Kaletwa na mama yangu huyu! Mpeni ufunguo wake!"

Na hapo, wanangu, kijiji kikageuka. Aliyechomoa ufunguo akaurudisha kwa mikono miwili. Aliyekuwa na fimbo akaitumia kuinulia gurudumu. Maji ya kuoga yakaletwa, ugali na mlenda wenyewe ukapikwa jioni ile ile, akalazimishwa ale kwanza yeye. Mngulu akaiangalia beringi, akatikisa kichwa. Duka la vipuri lilikuwa Kibaya. Kisha akaenda kwenye pikipiki yake mwenyewe, ile anayochotea maji kila siku, akafungua gurudumu la nyuma na kutoa beringi yake.

"Na wewe, shemeji? Maji utachotaje?"

"Nitachota kwa mabega. Mtoto anatoka mara moja tu."

Swedi alimshika Mngulu mkono akabaki ameushika. Alipolala alikumbuka makubazi ya fundi na ulezi wa mama wa sokoni, na milango yote aliyoipigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe njia nzima, na akamshukuru Mungu kwa mama mmoja mkaidi aliyekataa kusikia habari ya keria. Alishukuru mpaka usingizi ukamchukua katikati.

Alfajiri Sauda alimletea chai, akamkuta ameshafunga ubao kwa kamba nyuma ya kiti cha pikipiki. "Unafanya nini, kaka?"

"Niitie watu. Nani ana ndugu mbele huko?"

Wakacheka, lakini wakaja. Semboja alikuja na chupa ya asali ya dada yake aliye karibu na Handeni. Mwingine na kunde, mwingine na jogoo aliyefungwa miguu. Swedi alishika kila kimoja, akarudia jina la mwenyewe na la kijiji mpaka akayashika, na hakukataa hata kimoja. Pikipiki ikashuka kwa uzito. Na njiani, kila alipokabidhi mzigo aliambiwa kaa, kunywa maji, kijito cha mbele kina tope, pita juu. Mtu mmoja alitembea mbele yake kwa miguu akamvusha kwenye tope lile.

Alifika Handeni watu wametoka msikitini. Mjomba wa mtoto alikuwa ameshavaa kanzu. Mzee Mhina akatoka mlangoni kusikia mngurumo, akamwona mkwewe amejaa vumbi toka kichwani hadi miguuni, yule jogoo, mzigo wa mwisho, anapiga mbawa nyuma yake.

"Umelala wapi, baba?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Kwa ndugu, mzee," Swedi akajibu. "Nimelala kwa ndugu."

Wakampa maji, akanawa. Zaituni akatoka chumbani na mtoto. Alimweka mikononi mwa baba yake, na baba akavuka naye kizingiti jua likiwa juu na watu wakipiga vigelegele. Mtoto akakunja uso kwa mwanga. Swedi akacheka huku machozi yanamtoka, akasema Alhamdulillahi, akasema tena, mpaka mama mkwe akamwambia inatosha, mfunike mtoto.

Aliporudi hapa kijiweni wenzake walimzunguka wanataka habari za safari: ulikimbiza kiasi gani, ulijaza petroli wapi, pori likoje. Nanyi hayo ndiyo mnayouliza, nawajua. Akawasikiliza wote, kisha akasema maneno haya, na tangu siku hiyo Kondoa hii hakuna anayefunga safari bila kuambiwa:

Kifurushi cha jirani ni mlango njiani.

Basi mwiteni Mama Nasra arudi.