Nidhamu ya Kanali Mkwizu

Kanali mstaafu Mkwizu alikuwa na shahada tatu, medali kifua kizima, na sasa mbuzi wa jirani yake Sikuzani, ambaye Kanali alimkamata akila mawaridi yake.

"Jioni tunakunywa supu," alimwambia Sikuzani aliyekuja kumfuata mbuzi, kamba ya mbuzi mkononi.

Sikuzani aliinamisha kichwa. "Sawa, afande. Hivi mtu akistaafu jeshi, nidhamu nayo inastaafu?"

"Yangu? Labda nife. Siafu waliniingia kwenye suruali gwarideni, sikutikisika."

"Ndiyo raha ya kukaa jirani na wasomi," alisema Sikuzani, akaanza kuimba wimbo wa taifa.

Kanali aliachia kamba, akasimama mguu sawa, macho mbele. Sikuzani aliiokota, akamwongoza mbuzi wake nje. Getini mbuzi alisimama kula waridi lililobaki, na Sikuzani, bila haraka yoyote, akarudia ubeti wa kwanza.