Dorkasi na Uso wa Kezia

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Waingereza, zama zile ambazo picha ilichongwa kwanza juu ya bamba la shaba, ikapakwa wino, ndipo ikapigwa chapa kwenye karatasi, aliishi katika mji wa London mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Dorkasi. Mumewe alikuwa fundi wa kazi hiyo, na alipofariki alimwachia mtoto wa kunyonya, jina lake Lidia, pamoja na ufundi wenyewe. Mchana kutwa Dorkasi alikaa dirishani, mtoto mgongoni, chuma chenye ncha mkononi. Na kila alipoanza bamba jipya aliomba, "Ee Mola, uongoze mkono huu, usije ukanishitaki mbele zako."

Kazi alipewa na mwenye duka la picha, Bwana Thorli. Hakuwa mtu katili. Mume wa Dorkasi alipozikwa, ni yeye aliyeleta kuni na mkate bila kuombwa. Lakini alipenda kuuza kuliko alivyopenda kweli, na maradhi hayo yamewapata wengi.

Ikatokea nyumba ya tajiri mmoja ikaungua, na bibi mwenye nyumba akafia ndani. Wakamkamata mtumishi wa jikoni, binti aliyeitwa Kezia, wakasema ndiye aliyewasha moto. Alikana, hakusadikiwa, akahukumiwa kunyongwa. Na ilikuwa desturi ya mji ule kwamba mtu akinyongwa, picha yake huuzwa barabarani siku hiyo hiyo, na watu huinunua kama wanavyonunua njugu.

Bwana Thorli akaja mbio, amefurahi. "Mama Lidia, riziki imebisha hodi! Lile bamba la yule bibi aliyeua watu kwa sumu, bado unalo?"

"Ninalo, bwana."

"Futa jina lake, uandike Kezia. Kazi imekwisha."

"Lakini yule ni mzee, bwana. Na yale macho yake ya chui..."

"Macho yale ndiyo yanayouza!"

"Na huyu binti anafananaje?"

"Nani atauliza? Unadhani atatoka kaburini aje kunidai sura yake?" Akacheka mwenyewe.

Dorkasi hakucheka. Aliomba ruhusa aende gerezani akamwone kwanza. Bwana Thorli akapunga mkono. "Nenda. Ila ukimkuta mzuri, usiniambie."

Basi akaenda, na Lidia mgongoni. Alimkuta Kezia ameketi juu ya majani makavu, mikono yake imefungwa minyororo. Alikuwa mwembamba, mwenye uso wa mviringo na kovu shavuni, amechoka kama mtu aliyefua nguo za watu wengi. Dorkasi akatoa karatasi na kalamu ya risasi, lakini Lidia akaanza kulia, na kila alipobembelezwa alizidi.

Kezia akasema kwa sauti ya chini, "Nipe nikushikie, dada. Uchore vizuri."

Roho ya Dorkasi ikasita. Huyu, mji mzima ulisema, ameua. Ampe mwanawe? Kezia aliona kusita kule wala hakukasirika. Alivua shali yake, ile moja aliyokuwa nayo katika baridi ile, akaizungushia minyororo pande zote hadi chuma chote kikafunikwa. "Kina baridi," akasema. "Kingemshtua mtoto."

Dorkasi akampa. Lidia akanyamaza, akashika kidole cha yule binti. Kezia akamwinamia, akasahau kwa kitambo kidogo mahali alipo, na uso wake ukawa mwepesi. Huo ndio uso Dorkasi aliouchora, machozi yakimtoka.

Alipokuwa akimrudishia mtoto, Kezia akasema, "Dada, mama yangu anaishi kijijini, yuko peke yake. Hawezi kuja. Ukiweza, mpelekee mama sura yangu. Sina jingine la kuomba."

Dorkasi akaahidi, na ahadi mbele ya mtu anayekufa ni amana nzito.

Akarudi nyumbani, akachukua bamba la mwisho alilorithi kwa mumewe, akauchonga uso ule kwa haraka na kwa machozi kabla ya siku ya hukumu. Bwana Thorli alipoletewa picha, aliisogeza karibu na macho.

"Ni nani huyu? Malaika?"

"Ni Kezia, bwana."

"Mama Lidia, wewe ni fundi kweli, lakini huna akili ya sokoni. Mtu hatoi pesa yake kumwona anayefanana na dada yake! Nipe lile bamba la macho ya chui, uandike jina, tule sote."

"Bwana wangu, mimi sikuwapo moto ulipowaka. Aliyeuwasha anajulikana na Mungu. Lakini uso huu nimeuona kwa macho yangu. Nikiliandika jina lake chini ya uso wa mwingine, mkono wangu utakuwa umeapa uongo."

"Mkono hauapi, mama."

"Wangu huapa, bwana."

Bwana Thorli akamtazama mtoto mgongoni, akahuzunika kidogo. "Huyu utamlisha nini?"

Hapo Dorkasi maji yalimfika shingoni. Moyo wake ulimwambia, ni jina tu, mistari michache, naye Kezia atakufa vilevile. Akainamisha kichwa, akasubiri moyo utulie. Kisha akasema, "Riziki yake haiko katika uso wa Kezia."

Akampa lile bamba la zamani, kwa kuwa lilikuwa mali ya duka, lakini jina hakuliandika. Fundi mwingine aliliandika. Na tangu siku hiyo Dorkasi hakupewa kazi tena pale.

Kezia akanyongwa. Dorkasi hakwenda kutazama. Alifunga dirisha lake asisikie wachuuzi wakinadi picha, akawasikia hata hivyo.

Baada ya siku kadhaa akaenda kijijini. Muuza kabichi mmoja alimpandisha kwenye mkokoteni wake, akakataa nauli, akamtandikia mtoto gunia asiumie na mitikisiko. Mungu amlipe. Mama yake Kezia, aliyeitwa Yudithi, alikuwa mwanamke wa makamo aliyezeeka ghafla. Aliposikia neno picha, alirudi nyuma.

"Walishaniletea," akasema. "Mchuuzi alipita nayo, majirani wakanionyesha. Nikasema si yeye. Lakini sasa nikifumba macho nimkumbuke mwanangu, mama, yanakuja macho yale. Wameniulia mara mbili."

Dorkasi akaikunjua picha yake. Yudithi akaipokea, akaitazama, kisha uso wake ukakunjamana.

"Nawe pia," akasema polepole. "Mwanangu alikuwa na kovu shavu la kulia. Nilimmwagia uji wa moto mimi mwenyewe, akiwa mdogo kama huyo wako. Hapa kovu liko kushoto. Yule si mwanangu, na huyu naye si mwanangu."

Dorkasi akaitazama picha. Ndipo alipotambua kosa lake. Kinachochongwa kwenye bamba hutoka kimegeuka kwenye karatasi, kulia huwa kushoto, na fundi mwangalifu huchonga kinyume ili kitoke sawa. Yeye, kwa haraka na kwa machozi, alikuwa amechonga kama alivyoona.

Angeweza kusema kwamba picha zote huwa hivyo. Akasema, "Nimekosea, mama. Nilikuwa nalia, nikasahau kugeuza. Nisamehe."

Akaichukua ile karatasi, akaipeleka dirishani, akaibandika kwenye kioo upande wenye picha ukitazama nje. Jua lilikuwa upande ule. Karatasi haikuwa nzito, mwanga ukapenya, na mistari yote ikaonekana kwa ndani, imegeuka. Kovu likahamia mahali pake.

Yudithi akasogea. Akainua mkono, akagusa lile shavu la kulia.

"Alikuwa anatazama nini?" akauliza.

"Alikuwa amemshika mwanangu."

"Walimruhusu?"

"Mimi nilimruhusu, mama. Akavua shali yake akafunika minyororo, mtoto asihisi baridi."

Yudithi akaangua kilio, akalia kilio cha mama ambaye hatimaye amempata wa kumlilia. Dorkasi akamkumbatia, na Lidia katikati yao. Alipotulia, Yudithi akauliza, "Je, aliuwasha ule moto?"

"Alisema hakuuwasha. Mimi sijui, mama. Ninajua nilichokiona."

"Kinanitosha," akasema Yudithi.

Dorkasi akarudi mjini, akaishi kwa kuchonga majina ya watu kwenye vijiko na sahani, riziki nyembamba lakini ya halali. Picha ya macho ya chui iliuzwa sana, na iliyo ya kweli ilibaki kwenye kioo cha nyumba moja tu.

Enyi wasomaji, hatuna bamba wala wino, lakini kila siku tunawachora wenzetu kwa ndimi zetu, na wengine hawatarudi kujitetea. Mola atuhifadhi tusimvishe mja wake uso ambao Yeye hakumpa.