Nani Apewe Ndama wa Nyange?

Sogeeni karibu, nina kesi ya kuamuliwa. Mimi imenishinda.

Zamani za vita vikuu vya Wazungu, katika milima ya Taita, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Righa, dobi wa mlowezi mmoja, alijua kutoa povu hata kwenye kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha. Wakesho alijua kulia. Akianza yeye msibani, hata maadui wa marehemu walitafuta leso. Na Mwamburi, mkalimani wa serikali, alijua kugeuza maneno: tusi lilipita kinywani mwake likatoka salamu.

Bei ya katani ilikuwa imeanguka, vibarua wamefukuzwa, na kabla watu hawajainuka, vita vikaja. Vijana wakachukuliwa. Kisha ikaja amri ng'ombe nao wachukuliwe, wakaliwe na wanajeshi. Amri hiyo haikumgusa mlowezi, aliyeitwa Bwana Miwani, mwenye makundi ya ng'ombe weusi tititi. Ilimgusa Bibi Mghoi, mwenye ng'ombe mmoja tu, mweupe pepepe, jina lake Nyange. Maana rangi iliyotazamwa haikuwa ya ng'ombe.

Nyange alikuwa na mimba, na maziwa yake ndiyo yaliyowavusha watoto wa kijiji katika njaa ile. Bibi Mghoi akatangaza, "Atakayemwokoa Nyange, ndama ni wake!"

Siku ya kukusanya ng'ombe, Righa alikuja na sabuni ya Bwana Miwani, sabuni ambayo Mwafrika wakati huo aliijua kwa harufu tu. Akamsugua Nyange mdomoni. Nyange akaonja, akaipenda, akanyoosha shingo aongezwe. Afisa wa kukusanya ng'ombe alipofika na askari na mkalimani wake, povu lilikuwa linachuruzika hadi kwatoni.

Wakesho naye akajitupa shingoni mwa ng'ombe. "Nyange wee, unatuachia nani?" Wanawake wakapokea, askari wawili wakavua kofia. Katikati ya kilio akaanza kumtaja mwanawe Mwakio, aliyepelekwa vitani na habari zake zikakatika. Hapo hakuna aliyejua tena kama anaigiza. Hata yeye mwenyewe. Akamgeukia afisa, akapaza sauti kwa Kitaita, "Ukimgusa ng'ombe huyu, chawa wakule ndevu!"

"Anasema nini mama huyu?" afisa akamuuliza mkalimani.

Mwamburi akainama kwa adabu. "Bwana Mkubwa, anaomba umchukue upesi. Ugonjwa huu huwarukia watu, na humpenda zaidi mwenye ngozi nyembamba."

Afisa akarudi nyuma. "Basi apigwe risasi!"

"Vyema, Bwana. Ila damu ikimwagika, ugonjwa hupanda upepo. Na leo upepo unavuma kuja kwako."

Afisa akaziba pua. Akaamuru ng'ombe yule asisogelewe na mtu yeyote wa serikali mpaka vita viishe, akaingia garini bila kuaga.

Nyange akazaa ndama jike, mzima kabisa. Ugomvi nao ukazaliwa.

"Bila povu langu, sasa mngekuwa mnalilia ngozi," alisema Righa. "Na kwa sabuni ile nimechapwa viboko na kufukuzwa kazi."

"Povu halijui Kiingereza," alijibu Mwamburi. "Ningegunduliwa, ningeozea gerezani. Tena tangu siku ile mke wangu haamini neno langu. Nikimwambia nina njaa, anauliza maana yake nini."

Watu wakacheka. Wakesho hakucheka.

"Ninyi mlitoa ujanja," alisema. "Mimi nilikuwa nimeapa sitamlilia Mwakio, maana kumlilia ni kumzika. Siku ile nilimlilia mbele ya watu wote. Na bado hajarudi."

Bibi Mghoi akabaki ameshika kamba ya ndama, akimtazama huyu, akimtazama yule, mpaka jua likamkalia utosini.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, semeni. Wala msiniambie wamgawane, maana ndama akishagawanywa ni kitoweo, na kitoweo ndicho alichokifuata afisa. Aliyechapwa, aliyedanganya, au aliyelia? Haya, kamba hiyo, ishike wewe. Je, ungeamua vipi?