Bubu wa Nusu Nauli

Alikuwapo tajiri mchoyo, Ndimangwa, aliyejifanya bubu asiyesikia ili apate tiketi ya mwisho ya nusu nauli ya wenye ulemavu. Siwema, kiziwi wa kweli aliyeweza kusema na kusoma maneno midomoni mwa watu, akalazimika kulipa nauli kamili. Ndani ya treni akamsemesha Ndimangwa kwa ishara. Huyo akapungapunga mikono ovyo, kama anayefukuza nzi.

“Anasemaje?” mkagua tiketi akamwuliza Siwema.

“Anasema atatununulia chai abiria wote wa behewa hili.”

Abiria wakashangilia. Ndimangwa akapunga mikono kwa nguvu kukataa.

“Na sasa, dada?”

“Anasema chai tupu ni aibu. Tuletewe na wali kwa kuku.”

Ndimangwa angenena, angeshushwa njiani. Akatoa pochi, mdomo kaufumba, machozi yakimlengalenga.