Ngoma ya Perusi Ilivyobisha Hodi

“Hodi ndogo hufungua mlango mkubwa.” Maneno hayo Mama Damari, mwalimu wa kwaya, alimwambia binti mmoja wa kwaya yake aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake kwa sababu ya sauti yake nyembamba. Vijana wengine wakaidaka kauli ile. Wakataka kujua ni ya wahenga wa wapi, maana shuleni hawakuwahi kufundishwa. Mama Damari akacheka, akafunga daftari la nyimbo.

“Wahenga wake wengine bado wanakula ugali,” akasema. “Kaeni niwaambie ilivyoanza.”

Alikuwapo pale Mlowezi, upande wa Mpwapwa, mwalimu wa hesabu aliyeitwa Yudithi Chidawali. Huyo alipenda muziki kuliko chai. Chumba chake cha uani, kilichojengwa kuhifadhia mahindi, alikigeuza studio. Akasimamisha magodoro ukutani ili sauti zisirukeruke, akaweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, na vipaza sauti viwili alivyovinunua mitumba. Humo alirekodi kwaya na nyimbo za harusi, tena alirekodi asubuhi tu, kabla mashine ya kusaga ya jirani haijaanza kunguruma.

Mwaka huo redio moja ya Dodoma ilitangaza kwamba inatafuta wimbo wa ngoma ya asili wa kufungulia kipindi chake kipya cha Jumamosi. Wimbo utakaochaguliwa ungesikika kila wiki, mkoa mzima. Akina mama wa muheme wa Mlowezi wakaenda kwa Yudithi. Muheme, kama mjuavyo, ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji huibana kwa mapaja akaipiga amesimama. Aliyepiga ngoma kubwa alikuwa Perusi Malogo, mjane wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye maneno machache. Perusi akipiga, hata mwenye magoti mabovu alisimama.

Wakarekodi asubuhi moja, kipaza sauti kimoja kwa ngoma, kingine kwa waimbaji. Wimbo ukatumwa. Siku tatu baadaye Perusi aliteleza penye mawe ya kisima, akaangukia mkono wa kulia. Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

Hogo lilikuwa halijakauka vizuri simu ya redio ilipoingia. Bwana wa vipindi hakuzungusha maneno.

“Uimbaji safi kabisa, mwalimu. Lakini ngoma iko wapi? Mimi nasikia mtu anagonga kopo.”

Yudithi akamweleza habari za mkono, kwamba mpigaji hawezi kurekodi upya.

“Pole yake. Basi ondoa hiyo, weka ngoma za kompyuta. Siku hizi nani atajua? Ila niletee kabla ya Alhamisi saa sita mchana, maana kuna vikundi vingine vinasubiri.”

Yudithi akausikiliza wimbo upya, safari hii kwa sikio la mgeni. Uso ukamshuka. Bwana yule alisema kweli. Kipaza sauti chake cha mitumba kilikuwa kimedaka kofi la kiganja juu ya ngozi, lakini tumbo la ngoma, ule mvumo unaomwingia mtu kifuani, hakikuudaka hata kidogo. Akajaribu kuzidisha sauti za chini. Hakikutokea kitu ila ukungu wa kelele. Kisichokuwapo hakiongezwi.

Jumanne jioni akaenda kwa Perusi kumpasha habari. Akamkuta ameketi kizingitini, akichambua mchicha kwa mkono wa kushoto. Yudithi akamweleza yote, mpaka ushauri wa kompyuta.

“Hizo ngoma za kompyuta anazipiga nani?” Perusi akauliza.

“Hakuna anayezipiga, mama. Zimo tu mle ndani.”

“Basi zipeleke. Wakiuliza jina la mpigaji, waambie hakuna.”

Yudithi akainamisha kichwa. Perusi alipomwona amefedheheka, akalegeza sauti.

“Mwanangu, daktari hajaniahidi kwamba mkono huu utapiga tena. Kama hautapiga, pigo langu limebaki mle chumbani mwako tu. Ulifute?”

“Silifuti,” Yudithi akasema, ingawa hakujua atafanya nini.

Kesho yake, alipotoka shule, akajifungia chumbani. Katika kompyuta yake kulikuwa na kifaa alichokizoea, akikiita geti. Ukikipachika juu ya sauti, hukaa kimefungwa. Sauti ikiwa ndogo hakiiruhusu kupita, ikiwa kubwa kinafunguka. Kwa geti hilo alikuwa akizuia kuku na mbwa wasisikike katikati ya nyimbo za watu. Lakini pembeni mwa geti palikuwa na kitufe ambacho miaka yote hakuwahi kukigusa. Kitufe hicho kiliuliza: geti lisikilize sauti ipi?

Yudithi akakitazama. Kumbe bawabu wa geti anaweza kulinda mlango mmoja huku ametega sikio mlango mwingine!

Akatengeneza kwa kompyuta mvumo mmoja mrefu wa chini, mnene, usiokatika. Mvumo huo akaufungia nyuma ya geti. Kisha akaliagiza geti lisiusikilize mvumo, bali lisikilize ngoma ya Perusi. Ngoma ikipiga, lifunguke na mvumo utoke; ngoma ikinyamaza, lijifunge. Akabonyeza.

Ngoma ikapiga, mvumo ukatoka. Kila kofi la Perusi, lililokuwa kavu kama kopo, sasa lilitoka na tumbo lake. Yudithi akaruka, akagonga meza, akakimbia na kandambili za kuogea mpaka kwa Perusi.

“Mama, njoo usikie!”

Perusi akaja, akaketi kwenye kigoda mbele ya spika. Akasikiliza wimbo mzima bila kupepesa. Yudithi akangoja sifa.

“Ni nene,” Perusi akasema. “Lakini si yangu.”

“Imekosa nini?”

“Imewambwa ngozi ya mnyama mwingine. Yangu inalia hivi.” Akafumba macho, akavumisha sauti kooni: mmmm. “Panda kidogo. Kidogo tena. Umepita, shuka. Hapo! Usitoke hapo.”

Yudithi akaufuata ule mvumo wa kooni mpaka mvumo wa kompyuta ukaungana nao. Wakasikiliza tena.

“Sasa inakatwa shingo,” Perusi akasema. “Ngozi haikati pumzi ghafla. Hushusha pumzi.”

Basi Yudithi akaliambia geti lisijifunge kwa kishindo, lijifunge polepole. Hilo likatengemaa. Wakati huo likazuka jingine: njuga za miguuni mwa waimbaji, zilizopenya katika kipaza sauti cha ngoma, nazo zilikuwa zikilifungua geti, na mvumo ukitoka mahali pasipo pigo.

“Huyo bawabu wako ni mpole mno,” Perusi akasema. “Kila mpita njia anamfungulia.”

Yudithi akacheka, akamfanya bawabu awe mkali zaidi, asiitike njuga, aitike kiganja peke yake. Lakini alipomkaza sana, yale mapigo madogo ya Perusi, yale ya kunong’ona, yakaachwa nje. Akamlegeza kwa unywele mmoja. Wakarudia, wakarudia, chai ikapoa bila kunywewa.

Mara Perusi akasogea mbele. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya spika, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto mgonjwa. Mapigo yakapita, makubwa na madogo, kila moja na tumbo lake.

“Hapo nilichelewesha pigo kidogo kusudi,” akasema taratibu, “ili waimbaji wavute pumzi. Umeliacha.”

“Sikugusa pigo hata moja, mama. Wewe unabisha hodi, mvumo unaitika. Basi.”

Perusi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. “Huyu ni mimi,” akasema.

Alhamisi wimbo ulifika redioni asubuhi. Saa sita haijagonga, bwana wa vipindi akapiga simu, na safari hii alikuwa akisema kwa sauti ya juu.

“Mwalimu! Vioo vya ofisi vinatetemeka huku. Mmempata mpigaji mwingine?”

“Ni yuleyule. Mkono uleule. Pigo lilelile.”

“Basi Jumamosi saa kumi wasizime redio Mlowezi.”

Nani angezima? Mwenye mashine ya kusaga alisimamisha mashine yake, akafungulia redio kwenye spika kubwa barazani. Jina la Mlowezi likatajwa, likatajwa na jina la Perusi Malogo, kisha ngoma ikalia. Watu walitoka majumbani, wengine na vijiko vya mboga mkononi, wakiuliza ngoma inachezwa uwanja gani. Walipoambiwa ni redio, walikataa. Wakaizunguka baraza kumtafuta mpigaji. Akina mama wa muheme wakaingia katikati ya njia, wakacheza mpaka vumbi likasimama. Perusi aliinua hogo lake jeupe juu ya vichwa vyao, akalitikisa kwa mapigo yake mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akampigia simu hewani. “Mama Perusi, tuambie. Tulisikia kopo, leo tumesikia radi. Siri ni nini?”

Perusi hakuzoea kusema na watu wengi. Akamtazama Yudithi, akaisogeza simu mdomoni.

“Siri hakuna, mwanangu. Mimi niligonga kwa kiganja hikihiki. Mwalimu akaweka mvumo nyuma ya mlango, akamwambia bawabu anisikilize. Hodi ndogo hufungua mlango mkubwa.”

Mkoa mzima ulisikia. Jumatatu wanafunzi wa Yudithi walikuwa wakiambiana hivyo wakienda ubaoni, na mwaka haukuisha kabla kauli hiyo haijafika minadani na makanisani. Leo wengi wanaisema bila kujua kiganja kilichobisha hodi hiyo kwanza. Nyinyi sasa mnakijua: hodi ndogo hufungua mlango mkubwa.