Profesa Nyegere na Kazi ya Saba

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yenu yako wapi?
Yako kwako, mimina!
Namimina. Na atakayenikatiza, atakwenda kusikilizia nje.

Hapo kale, ndani ya jabali, palikuwa na maabara ya wanyama. Mkuu wake alikuwa Profesa Nyegere, ngozi ngumu, kucha ndefu. Alipenda vitu viwili tu: asali na sifa. Kazi walifanya wengine. Mzee Tembo, mwenyekiti wa bodi, alipokuja kukagua na kuuliza, "Nani kafanya hii?" Nyegere alijibu kabla swali halijatua: "Mimi!"

Humo alikuwemo Pimbi, kanyama kadogo, mkia hana. Miezi kumi na moja alitafuta dawa ya kupe. Alijibandika kupe kwenye masikio yake mwenyewe, wakamnyonya, akapaka dawa, ikashindwa. Akajibandika wengine, wakamnyonya, akapaka dawa, ikashindwa. Mwezi wa kumi na moja akapaka, kupe wakadondoka: pu! pu! pu! Pimbi alilia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi akapita penye ubao wa matangazo. Akasoma. Akarudia kusoma.

MAFANIKIO YA MWAKA. Dawa ya kupe: Profesa Nyegere.

Chini yake, chujio la maji ya tope, ambalo Kobe alilihangaikia tangu masika: Profesa Nyegere. Kazi sita, jina moja.

"Kobe," Pimbi akanong'ona, "unaona ninachokiona?"

"Naona, dada. Tangu jana naona. Nimeshindwa kuondoka hapa."

"Wewe hata siku nyingine huondoki upesi!"

Pimbi akaingia ofisini bila kubisha hodi. "Mkuu! Yatazame masikio yangu! Kupe walining'ata mimi!"

Nyegere alikuwa akilamba asali kwenye kucha. "Kupe walikung'ata wewe, dawa nimegundua mimi. Si tumegawana kazi?"

Pimbi akagonga meza.

"Tena usinipigie kelele. Kesho kutwa muhula wangu unaisha. Kanuni inasema mkuu mwenye kazi kubwa saba anaongezewa miaka mitano. Mimi ninazo sita. Nitafutie ya saba. Usipoipata, wewe na kupe wako, nje!"

Miaka mitano! Pimbi akayashika masikio yake. Akilini aliyaona, baada ya miaka hiyo, yamekwisha kuliwa yote, na kila dawa inaitwa Nyegere. Kisha akatabasamu.

"Ya saba ipo, Mkuu. Kubwa kuliko zote. Haijapata kusikika chini ya jua."

"Ni ipi?"

"Utaisikia kesho kutwa, nikiisoma mbele ya Mzee Tembo. Wewe jibu kama kawaida yako."

"Ah, kujibu niachie mimi," akasema Nyegere, akarudi kwenye kucha zake.

Siku muhula ulipoisha, wanyama walijaa hadi mlangoni. Pimbi akasimama na karatasi.

"Ya kwanza, dawa ya kupe!"

"Nani?" akauliza Mzee Tembo.

"Mimi!" akajibu Nyegere.

"Ya pili, chujio la maji ya tope!"

"Nani?"

"Mimi!"

Ya tatu, mimi. Ya nne, mimi. Ya tano, mimi. Ya sita, mimi!

"Ya saba," akasoma Pimbi, "dawa ya kuponya uroho. Mgunduzi ameinywa mwenyewe. Amepona kabisa. Hataki tena asali wala cheo."

"Nani?"

"MIMI!"

Hata nzi alitua. Nyegere alisikia alichokisema baada ya kukisema. Macho yakamtoka.

Masikio ya Mzee Tembo yakaacha kupepea. "Profesa! Hutaki cheo? Nami nimekuja na barua ya kukuongezea miaka mitano!" Akaichana, chwaa!

"Mzee... yaani, nilikuwa..."

"Au ni uongo?"

"La, la, Mzee! Kweli tupu!"

"Basi desturi ya nyumba hii unaijua. Kazi isiyorudiwa mbele ya watu si kazi. Moja ikiwa ya uongo, zote tunazipima upya. Leteni asali!"

Kobe akausukuma mzinga, guru... guru... guru. Wanyama wakangoja, wakangoja. Ukafika mbele ya Nyegere. Asali ikadondoka: to! Nyegere akafumba macho. To! Akaziba pua. To! Akang'ata mkia wake mwenyewe. To! to! to!

Aliruka huyo! Chubwi! Kichwa kizima ndani ya mzinga, na mzinga haukukiachia.

"Lo! Profesa!" Wanyama wakashika vichwa.

Wakapima upya. Pimbi akaonyesha makovu ya masikio. Akapaka dawa nyuma ya goti la Mzee Tembo, palipokuwa na kupe watatu wanono. Pu! pu! pu!

Mzee Tembo alishtuka hadi akakaa chini, na jabali likatikisika. "Kumbe ni wewe! Andikeni: dawa ya kupe ni ya Bi Pimbi. Na kaimu mkuu ni Bi Pimbi." Kisha akakunja uso. "Lakini ngojeni. Huu uongo wa saba, nani aliutunga?"

Wanyama wakaganda. Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. Pimbi akaugeukia mzinga, akapaza sauti:

"Nani?"

Na ndani ya mzinga sauti ikavuma: "Mimiii!"

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na funzo lake, msilisahau: uongo haufai kamwe, watoto. Pimbi hakusema uongo hata mmoja. Yeye alisoma karatasi tu, akauliza swali. Na mkubwa wenu akitaka sifa, msimnyime. Mpeni zote, msibakize hata moja.