Mikono Iliyoshika Plaiwudi

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, muziweke mapajani. Na wewe ndugu yangu pale kwenye nguzo, uliyekwisha kuanza kusinzia, hili ni lako. Nina mfano.

Kulikuwa na fundi mmoja kule Tukuyu, tumwite Ambakisye. Kazi yake ilikuwa kukata picha kwenye plaiwudi nyembamba. Anachora mgomba, anachora ndege na maua, anatoboa kitundu kwa keekee, anapitisha uzi wa msumeno katika kitundu hicho, kisha anakata polepole mpaka kwenye jani ibaki mishipa tu, myembamba kama njiti ya kiberiti. Ukiuweka ubao ule dirishani jua likapita, we! Mgomba mzima unalala sakafuni kwako.

Lakini plaiwudi nyembamba ina kiburi. Ukiikata kwa mkono inarukaruka, na ikiruka, mshipa wa jani unavunjika, kazi yote imekwenda na maji. Sharti mtu mwingine aikandamize kwa viganja, karibu kabisa na meno ya msumeno, awe anavisogeza kila msumeno unaposogea. Mtu huyo alikuwa mkewe, Mama Lusekelo.

Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu, ikianza asubuhi imeanza. Basi wawili hao wanakaa mezani uso kwa uso, baba anakata, mama anashika. Wanaimba nyimbo za kwaya na kukosea maneno. Wanasengenya majirani. Ndiyo, wanasengenya, msinitazame hivyo! Vumbi la mbao likimwingia mama jichoni, fundi anaacha msumeno, anampuliza. Hawakuwa na kitu, na walikuwa na furaha.

Kisha Mungu akawabariki. Si ndivyo tunavyosema? Fundi akanunua mashine ya umeme, yenye mguu wa chuma unaoshikilia ubao wenyewe. Akamwambia mkewe, tena kwa upendo, "Mama Lusekelo, sasa pumzika. Umenishikia vya kutosha." Mama akasema, "Haya, asante," akaenda zake jikoni. Niwaulize, kuna ubaya hapo? Hakuna! Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mashine ikinguruma, huwezi kuimba. Chakula kikiletwa, fundi anakula macho yakiwa kwenye mchoro. Lakini akizima mashine kubadilisha uzi, alijikuta akikitazama kile kiti cha upande wa pili, sasa kimejaa makopo ya vanishi. Alizikumbuka siku zile mpaka akaumia. Je, aliwahi kumwambia mkewe? Thubutu! Utamwambiaje mtu kwamba umemkumbuka, na mwenyewe yuko jikoni anamenya ndizi?

Basi usharika wao ukawa na jubilei. Wazee wa kanisa wakamwagiza ubao wa kuweka mbele ya mimbari, mgomba wenye mkungu na ndege juu yake. Hakuwahi kupewa heshima kubwa hivyo. Na juma lilelile nguzo ya umeme ikaanguka kwa mvua. Giza. Wazee wanapita kuuliza, "Fundi, vipi?" Fundi anajibu, "Nipo nao," na hayupo nao.

Mwishowe akautoa msumeno wa zamani, akabana plaiwudi mezani kwa jiliwa, akaanza mwenyewe. Akakata kidogo, kacha! Mshipa umevunjika. Ikabaki plaiwudi moja tu. Akaishika, akasita, na nawaambieni kweli, moyoni alifurahi. Alikuwa amepata sababu. Akayaondoa makopo kitini, akaenda mlangoni.

"Mama Lusekelo! Njoo unishikie."

"Nikushikie mimi? Mashine imekatika mikono?"

"Njoo bwana. Kama zamani."

Mama akaja akijifuta kwa kitenge. Akakaa. Akaviweka viganja vyake juu ya plaiwudi, nayo plaiwudi ikaanza kugonga meza, ko-ko-ko-ko, hata msumeno haujaigusa.

Fundi akadhani ni utani. "Tulia basi, mama."

"Ndiyo nimetulia, Baba Lusekelo."

Hapo ndipo akaitazama mikono ya mkewe. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, na mwenyewe anaikaza isitetemeke, na haimsikii.

"Tangu lini?"

"Ni muda. Ile chai ninayokuletea nusu kikombe, unalalamika kila siku, ulidhani nabana majani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniite nije nikushikie. Nilijua siku hiyo utaona mwenyewe."

Najua kuna mtu hapa anataka kuuliza, "Na ubao?" Ubao haukumalizika. Jubilei ilifika, na mbele ya mimbari pako patupu, kwa sababu fundi aliuweka msumeno chini akaishika ile mikono, na kulipokucha alikuwa kwenye foleni ya hospitali pamoja na mkewe. Nawaona mnavyousikitikia ubao. Ehe! Huo ndio ugonjwa wetu.

Sisi tunapenda sana kukumbuka, jamani. Tunaikumbuka nyumba ya chumba kimoja, tunakumbuka tulivyokula sahani moja, mpaka machozi yanatutoka. Na yule tuliyekula naye yuko chumba cha pili, anazeeka, hatujui hata kama kijiko bado anakiweza. Mnanijia ofisini: "Mchungaji, tuombee nyumba yetu irudi kama zamani." Haitarudi! Ya fundi haikurudi. Mikono ile haikushika plaiwudi tena. Alichopewa ni nafasi ya kuishika yeye, na angechelewa zaidi, hata hiyo asingeipata.

Kwa hiyo leo sitafunga kwa sala. Mume, mke, mtoto uliyekaa na mzazi wako, mgeukie, mwombe akupe mikono yake uitazame. Na wewe uliyemwacha wako nyumbani kwa kuwa hawezi tena kutembea mpaka hapa, inuka utoke. Nenda sasa hivi. Sadaka yako tutaipokea Jumapili nyingine.